Kijiti Juu ya Paa la Akinyi

Kosa lilikuwa langu. Kwa kuwa nyote pale kwa kinyozi mmekwisha kulisikia kutoka kwa watu wanaotia chumvi, afadhali mlisikie kutoka kwa mwenyewe. Binamu yangu wa Nairobi aliniandikia barua kwa Kiingereza. Alisema mwalimu wake wa zamani, “painter” kutoka Amerika, anakuja Muhuru Bay kufanya kazi kwa majuma mawili, na anatafuta mtu wa kumtafsiria, ikiwezekana mtu wa kazi kama yake. Mimi ndiye ninayeandika mabango ya maduka hapa Uriri. Neno lile nililisoma mara moja, nikalielewa mara moja, na shida ikaanzia hapo. Nilifunga mkoba wenye brashi mbili za inchi nne, msasa, na kisu cha kukwangua kuta.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa kawaida. Lakini nilimtumia salamu dada yangu Akinyi, aliyeolewa huko Muhuru, kwamba fundi wa rangi anatoka Amerika, kwa hiyo akandike nyumba yake upya na mimi nitaomba ipakwe bure. Dada yangu ni mtu wa kuamini. Aliikandika nyumba nzima kwa mikono yake, ukuta baada ya ukuta, akakaa kungoja.

Mnanijua mimi ni mtu wa kwangu. Nikifika Awendo kununua turpentaini nahisi nimezunguka dunia. Mlango wangu wenyewe niliupiga rangi ya kwanza miaka mitatu iliyopita nikasema ya pili itafuata, na jirani yangu Mama Risper hunikumbusha kila asubuhi anapopita na ndoo ya maji. Siku ya kuondoka alinikuta nikiufunga mlango huo. Aliuangalia mlango, akaangalia mkoba wa brashi, akapita bila kusema lolote. Kwa Mama Risper hilo ni jambo la kutisha.

Uriri hadi Migori

Sehemu hii ni fupi na sina cha kuieleza, ila kwamba nilifika mapema mno, nikanywa chai nne hotelini nikimngoja Mmarekani, na yeye alikuwa ameketi meza ya pili kutoka kwangu akiningoja mimi. Nilikuwa natafuta mtu mwenye ovaroli. Yeye alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi vizuri kuliko la mhasibu. Jina lake Harlan.

Nilimwonyesha brashi zangu ili ajue amepata mtu wa maana. Akaichukua moja, akazipapasa nywele za brashi kwa kidole gumba, akasema baba yake alikuwa na brashi kama hiyohiyo. Baba yake alipaka rangi maghala ya wakulima, rangi nyekundu, mwaka hadi mwaka, na yeye Harlan alianza kupanda ngazi nyuma ya baba akiwa na miaka kumi. Tukazungumza karibu saa nzima juu ya kukwangua kuta, unyevunyevu, na mbao zinazokunywa rangi. Nilifurahi sana. Kila mmoja wetu aliamini mwenzake anamwelewa.

Kisha akatoa kijitabu chenye picha za kazi zake.

Ya kwanza ilikuwa jiko la nyumba ya kwao. Meza, vikombe, siagi kwenye sahani, kila msumari wa ukutani unaonekana na kutu yake. Na ndani ya jiko hilo theluji inaanguka, imelala juu ya siagi, na dirisha limefungwa. Ya pili ilikuwa mtu anayepiga pasi shati, kivuli chake kimechoka na kuketi kitini. Niliufungua ukurasa wa tatu polepole, kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Nikajua kumbe Kiingereza humwita mchoraji na mpaka rangi kwa neno moja, kwamba huyu hakuja kupaka ukuta wa mtu yeyote, na kwamba kule Muhuru kuna mwanamke amekandika nyumba nzima.

Niliagiza chai ya tano.

Migori hadi Muhuru Bay

Tulipata lifti kwenye lori la barafu lililokuwa likienda kuchukua samaki wa mbuta ufukweni. Dereva alitupa nafasi mbele kwa heshima ya uzee wa Harlan, na mimi nikapata nafasi ya gia, ambayo ilinipiga goti la kushoto safari nzima. Tulipovuka Masara tukazama. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na barabara ilikuwa imeamua kuwa kitu kingine. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri, barafu ikiyeyuka nyuma yetu, maji yakitiririka chini ya magurudumu na kuongeza matope yaleyale yaliyotushika. Dereva aliyatazama akasema hiyo ndiyo kazi ya barafu yake, kutengeneza matope. Hakuwa anatania.

Hapo ndipo Harlan alipotusimulia maisha yake, nami nikimtafsiria dereva ambaye hakuwa ameuliza. Alizaliwa shambani. Alipoingia mjini kusoma uchoraji, wakubwa wa kazi hiyo walikuwa wanamwaga rangi kwenye turubai na kurusha kwa fimbo, na yeye alikuwa anachora msumari mmoja kwa siku tatu. Walimwambia amechelewa kuzaliwa. Basi akafundisha miaka thelathini, akichora nyumbani jioni baada ya kazi. Mkewe Ruth ndiye aliyekaa mbele yake miaka yote hiyo ili achorwe. Alipofariki, Harlan alikaa jikoni baridi hiyo nzima, na jiko lilikuwa baridi sana, ndipo akaona hakuna haja ya kuificha baridi hiyo. Akaiweka theluji ndani.

Kanuni yake ilikuwa moja. Kila kitu kwenye picha kiwe kweli, hadi unyasi wa mwisho, halafu uongo mmoja tu. Ukiweka uongo mwingine wa pili, alisema, watu wanajua kwamba unadanganya.

Dereva alifikiri juu ya hilo. Akasema hata yeye hufanya hivyo kwa tajiri wake.

Chakula cha siku hiyo kilikuwa mayai. Harlan alijua neno moja la Kiswahili, na lilikuwa hilo. Karibu na tulipokwama palikuwa na mama mwenye kibanda. Harlan akaenda akaomba mayai, sita kwa vidole, akiyataka mabichi. Mama akamtazama, akamwonea huruma, akayakaanga. Harlan akarudi akaeleza kwa mikono. Mama akayachemsha mengine. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe nikamwambia mgeni anayataka jinsi yalivyotoka kwa kuku. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini ugonjwa gani huo. Tukala mayai ya kukaanga na ya kuchemsha, sisi na dereva, na mabichi sita akayafunga ndani ya soksi kwa ajili ya kazi.

Maana rangi yake, mabibi na mabwana, ilikuwa kiini cha yai.

Muhuru Bay

Akinyi alikuwa amesimama mbele ya nyumba, ukuta mpya nyuma yake, na kuta zake zimejaa alama za vidole vyake, duara ndani ya duara. Uani omena, dagaa wa kwetu, ilikuwa imeanikwa kwenye nyavu. Nilieleza kosa langu mbele ya watu, kwa sababu nilidhani mbele ya watu hataweza kunipiga.

“Basi atapaka nini?” aliuliza.

Nikasema atachora picha ya nyumba.

“Nyumba si iko hapa. Picha ya nini?”

Nikatafsiri. Harlan akasema hilo ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa, hata na watu wanaoandika juu ya michoro magazetini. Halafu akausogelea ukuta, akaweka vidole vyake ndani ya alama za vidole vya dada yangu bila kugusa udongo, akaniambia hapendi kwenda kuangalia mahali pengine. Atachora nyumba hii. Kwa hiyo mnaona, kama nisingekuwa mjinga angechora mtumbwi kama wageni wengine.

Sisi tulilala kwenye vyumba vya kukodi pale sokoni, kwa sababu mtu halali ovyo kwa shemeji zake, na kila asubuhi tulipanda hadi kwa Akinyi. Harlan alikuwa na ubao uliopakwa chokaa na gundi hadi ukawa laini kama sahani. Alivunja yai, akakirusha kiini kutoka kiganja hadi kiganja mpaka ute wote ukaisha, akakishika kwa vidole viwili kama mtu anayemshika kifaranga shingo, akakitoboa, kikadondokea kikombeni. Ngozi akaitupa. Akachanganya na maji na unga wa rangi, akachora unyasi mmoja. Kisha mwingine. Siku ya tatu alikuwa bado kwenye kona ya paa. Mimi niliyezoea kuandika BUCHARI kwa herufi za futi moja kabla ya chakula cha mchana, niliumwa meno nikimwangalia.

Kazi yangu ikawa kutafuta mayai. Mwanamume mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne, napita boma hadi boma nikibisha hodi. Ute uliobaki Akinyi aliukaanga, na watoto wa jirani walikula mayai meupe siku kumi, wakaanza kusema kuku wa Amerika ndivyo wanavyotaga.

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Shemeji yangu Ochieng', mume wa Akinyi, alikuwa ameingia ziwani miezi kumi na moja kabla yake na hakurudi. Mtumbwi haukuonekana, mwili haukuonekana. Ndugu yake Okumu alisema amekufa na yaishe. Alitaka ukoo uzike yago, lile tunda refu zito ambalo kwetu huzikwa badala ya mtu aliyepotea majini, halafu osuri iondolewe, na Akinyi atafutiwe mwanamume wa kumrithi. Osuri ni kile kijiti chenye ncha kinachosimama juu ya paa kuonyesha kwamba mwenye nyumba yupo. Mwenyewe akifa kinashushwa. Akinyi alikuwa amekataa kishushwe. Alisema yeye hajamzika mtu, na hawezi kuzika tunda kisha aitwe mjane wa tunda. Ukoo ulikuwa umepanga kukutana Jumamosi ya juma letu la pili pale.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu la pili, ambalo kule kwa kinyozi halijafika. Siku ya kwanza Harlan alikielekezea kidole kile kijiti akaniuliza ni kitu gani. Ningeweza kumweleza. Lakini Kiingereza changu kilikuwa kimechoka, jua lilikuwa kali, na nilikuwa nikihesabu mayai. Nikamjibu, “Ni mapambo tu.”

Basi akakiacha. Alichora kila unyasi, kila alama ya kidole, kila omena kwenye wavu, na juu ya paa akachora anga.

Alhamisi ya juma la pili Okumu akapita kusalimia. Alisimama nyuma ya Harlan akiuangalia ubao. Halafu akacheka kidogo.

“Hata mgeni wa mbali ameona hapa hakuna mwenyewe,” alisema. Akaondoka kwenda kuwaambia wazee.

Akinyi alikuja kuangalia. Hakumlaumu Harlan. Alinigeukia mimi, na kwa jinsi alivyonigeukia nilijua amekwisha kukisia ni nani aliyesema mapambo.

“Wewe ni fundi wa rangi au si fundi?”

Nikasema ni fundi.

“Basi fanya kazi yako.”

Ijumaa baada ya chakula Harlan alikwenda kuoga ziwani. Nilikaa mbele ya ubao wake. Nilichukua brashi yake ndogo kuliko zote, ile ya nywele chache, na rangi ya kahawia iliyobaki kikombeni. Niliinama kama mtu anayetia sahihi cheti cha mwingine. Nilianza vizuri. Katikati mbuzi akakohoa nyuma yangu, nikashtuka, na ncha ya juu ikaenda kushoto. Rangi ya yai inakauka upesi kuliko majuto. Ikabaki hivyo.

Harlan aliporudi alivaa miwani, akainama, akakaa ameinama.

“Nani?” aliuliza.

Nikasema mimi. Nikamweleza yote niliyopaswa kumweleza siku ya kwanza, osuri, yago, Jumamosi. Aliuliza kama mtu huyo yuko hai. Nikamjibu hatujui. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kuukumbuka mlango wangu kwa upendo. Akavua miwani akaifuta.

“Siku kumi nimeutafuta uongo wa picha hii nikaukosa,” alisema. “Iache. Hii ndiyo ya kwanza ambayo sijui kama nimedanganya.”

Jumamosi wazee wakaja. Mkubwa wao alileta jicho karibu na ubao hadi pua ikagusa, kisha akatazama paa, kisha ubao, kisha paa. Okumu alimwambia juzi osuri haikuwepo pichani. Mzee akamwuliza sasa kama iko au haiko. Okumu akasema iko. Mzee akasema basi, mambo ya yago yangojee mahindi yavunwe. Okumu alikunywa chai yake bila kuomba sukari.

Akinyi alitusindikiza hadi barabarani, Harlan akirudi kwao kupitia Homa Bay, nami nimebeba picha imefungwa kwa shuka lake.

“Nendeni nayo hadi Homa Bay,” alisema, “na mahali popote mtakapopumzika muifungue, watu waione. Nataka kujua namtunzia nani nyumba.”

Muhuru Bay hadi Homa Bay

Lori lilikuwa lilelile, sasa limejaa samaki, na dereva aliapa hasimami popote kabla barafu haijafika Homa Bay. Mnajua barabara inapita wapi. Nilipita mbele ya nyumba yangu. Niliuona mlango wangu, na mti wangu, na kiti changu chini ya mti wangu. Mama Risper alikuwa pale na ndoo yake. Alinipungia mkono, kisha akaelekeza kidole mlangoni. Nilimwomba dereva asimame dakika moja tu. Akaniuliza kama nina barafu nyumbani.

Homa Bay ilikuwa kijani. Nyinyi mliofika huko miaka hii mnajua, yale magugu maji yalikuwa yamefunika ziwa kuanzia gatini hadi macho yanapoishia, na ndege wanatembea juu yake kama kwenye shamba la mtu. Harlan alishuka akaangalia ziwa lisilo na maji. Nilimwuliza kama atalichora. Akasema hapana, watu watadhani huo ndio uongo wenyewe.

Picha ilihitaji sanduku la mbao la kusafirishia, na tukaelekezwa duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Salim. Salim ni mtu wa pwani, amekaa Homa Bay miaka mingi na hajawahi kukubali jinsi sisi tunavyosema. Nilimwambia nataka sanduku moja kubwa ya mbao. Akaniambia, “Sanduku kubwa *la* mbao, bwana wangu. Kiswahili chako kinahitaji fundi kabla ya picha.” Harlan akataka nimtafsirie. Nilimwambia amesema karibu.

Tukaiegemeza picha kwenye makopo ya rangi za ukutani, na Salim akaizunguka mara mbili. Kitu kimoja tu alichouliza ni kwa nini kijiti kimepinda wakati vitu vingine vyote vimenyooka. Sikutafsiri hilo pia.

Siku ya pili akaingia mama wa omena, Mama Beldina, anayenunua Muhuru na kuuza masoko ya Lambwe. Alikuja kutafuta misumari. Akasimama.

“Hii si kwa Ochieng'?” alisema. “Ochieng' wa vitambaa?”

Nikamwuliza vitambaa gani. Akasema vya mbung'o, vile vya buluu vinavyotundikwa vichakani huko Lambwe kutega nzi wa malale. Ochieng' anavishona na kuvitundika. Yeye Mama Beldina humuuzia omena kila siku ya soko. Nikamwuliza, nikijikaza, kwa nini hakusema kule Muhuru miezi yote hii.

“Hakuna aliyeniuliza,” alisema, na akachagua misumari yake.

Homa Bay hadi Lambwe

Pikapu ya Salim ilikuwa inakwenda kuchukua mahindi, na Harlan alikataa kuiacha picha. Alisema anataka kuona kama amedanganya. Basi tukaenda watatu, mimi, yeye na ubao.

Ukishuka bondeni unaanza kuviona. Kitambaa cha buluu, cheusi katikati, kimening'inia kichakani peke yake, hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna kamba ya nguo. Halafu kingine mbele yake. Harlan alihesabu tisa akaacha. Mbung'o mmoja aliingia kwenye pikapu akaniuma shingoni, nikamwonyesha Harlan kwamba kazi ya shemeji yangu haijakamilika.

Tulimkuta ameketi mlangoni, sindano mkononi, mapajani nguo ya buluu. Amenenepa. Alinisalimia kama tulioachana jana sokoni. Nyumba ilikuwa ya mabati. Mwanamke mmoja mpole akatuletea ugali na maharagwe, na kwa bahati mbaya yalikuwa matamu. Mgongoni alikuwa na mtoto ambaye shingo yake imekwisha kukaza. Nilianza kuhesabu miezi kichwani nikaacha, kama Harlan na vitambaa.

Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nilimwuliza kama aliumia ziwani.

“Hapana,” alisema Ochieng'. “Nilishuka Homa Bay nikaona nimechoka na maji, shemeji.”

Hivyo tu. Nikamwambia Okumu anataka kumzika, na Akinyi amekataa miezi kumi na moja. Aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza habari za hali ya hewa. Ndipo nikakifungua kile kifurushi cha picha. Aliiangalia nyumba yake muda mrefu. Sindano ilikuwa imesimama. Nilifikiri, sasa atasema kitu.

“Osuri imepinda,” alisema. “Mimi niliisimamisha wima.”

Harlan aliniuliza amesema nini. Hilo nilimtafsiria neno kwa neno, nikamwambia pia ni mkono wangu ulioipinda. Akaangalia picha, akamwangalia yule mtu, akaangalia mabati.

“Basi ni kweli yote,” alisema. “Haina uongo. Ni nyumba tu.”

Alisema kama mtu aliyepoteza kitu. Wakati wa kuondoka Ochieng' alikata kipande kizuri cha kitambaa cha buluu akanipa nimpelekee Akinyi, na akasema atakuja baada ya mahindi. Nilikipokea. Mdomo wangu ulikuwa bado una maharagwe yake, ningesema nini.

Kurudi

Harlan tuliagana Homa Bay, picha yake ndani ya sanduku kubwa *la* mbao. Alinipa ile brashi ndogo. Akaniomba nimwandikie kama kitu chochote kitabadilika juu ya lile paa.

Ningeweza kushuka Uriri na kumtumia dada yangu salamu kwa watu wa lori. Nilifikiri hivyo hadi lori likafika Uriri, na likapita, nami ndani.

Akinyi alinisikiliza amesimama. Aliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama mumewe anaumwa. Nikasema hapana. La pili, kama nyumba anayoishi Lambwe ni ya mabati. Nikasema ndiyo. Nikampa kitambaa. Alikikunja mara nne, akakiweka karibu na meko.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba akarudi na upondo wa mtumbwi. Akasimama pale kwenye ukuta wenye vidole vyake, akaipiga osuri. Mara ya tatu ikaanguka, ikamkosa mbuzi. Akaivunja kwa goti vipande vinne, akavitia motoni chini ya sufuria ya chai.

Habari zilimfikia Okumu kabla maji hayajachemka. Alifika mbio, yule yule aliyetaka kijiti kishushwe miezi kumi na moja.

“Shemeji, unamuua ndugu yangu.”

“Kumbe yu hai?” alisema Akinyi. “Kaa basi. Chai iko karibu.”

Okumu alikaa. Sikujua pa kutazama, nikatazama moto. Kilikuwa kijiti kikavu, kiliwaka vizuri. Chai tuliinywa watatu, na Akinyi akaishika sufuria ile kwa kitambaa cha buluu, na nasikia ndiyo kazi yake mpaka leo. Hakuna aliyezungumza tena habari za yago wala za kurithi. Wazee wanasema hawajui sheria ya mke aliyeishusha mwenyewe huku mume anakula mahindi Lambwe, na wasichokijua hawakigusi.

Nilimwandikia Harlan kwamba osuri haipo tena juu ya paa, kwa hiyo sasa picha yake ina uongo wake, mmoja tu, na nimeutia mimi. Hajajibu bado. Barua za Amerika zinapitia mbali.

Nilifika nyumbani alasiri. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu, mkoba miguuni, brashi za inchi nne hazijaguswa, wakati Mama Risper alipokuja na ndoo yake. Aliitua. Nikamsimulia yote haya, tangu barua mpaka sufuria, nikimwachia nafasi ya kushangaa pale panapostahili. Hakushangaa. Alijitwika ndoo yake, akasema:

“Mlango wako bado haujapakwa rangi, na huyo shemeji yako alikuwa mwanamume zaidi akiwa kijiti.”